Shokapu Moja kwa Ajili ya Shemeji

Kijiwe chenyewe ni benchi la mbao lililoegemea ukuta wa karakana ya kuchomelea. Mguu wake mmoja ni wa chuma, tangu ule wa mbao uliposhindwa kumbeba Mkasi na unene wake. Mkasi ni kinyozi, na asubuhi hiyo kama kawaida yake alikuwa ameacha kichwa cha mtu kimenyolewa nusu. Pembeni yake alikaa Wakili, ambaye mahakamani hajawahi kukanyaga lakini kwa ubishi hana mpinzani. Birika la kahawa ni lake, kwa hiyo hakuna wa kumnyamazisha. Cheche, fundi, alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki kuukuu iliyopandishwa juu ya kreti. Tairi la nyuma lilikuwa limetolewa, na shokapu zake mbili, zile springi za kumeza mtikisiko, zililazwa chini kwenye gunia. Mwenye pikipiki, Polepole, alikaa mwisho wa benchi na kahawa yake ilikuwa inapoa.

Jina la Polepole alipewa kwa kejeli, enzi zile akipita watu wanashika kofia. Siku hizi jina limekuwa kweli. Mkewe alianguka ngazini, na tangu hapo kila wiki humpakia kumpeleka hospitali kufanyishwa mazoezi, la sivyo hatatembea tena vizuri. Njia nzima mama wa watu huguna. Polepole alipunguza mwendo mpaka baiskeli zikawa zinampita, na bado mkewe aliguna. Wiki hii mke akakataa katakata kwenda. Alisema bora abaki alivyo. Polepole hakulala, na kulipokucha akaikokota pikipiki kwa Cheche.

– Nasema tena mbele ya mashahidi, alisema Cheche, akigonga bomba la fremu alipokuwa ameshachora alama ya chaki. – Mashine hii ni ya kizamani. Uzito wa nyuma unabebwa na shokapu mbili, moja huku, moja kule. Ukitaka moja ya katikati kama hizi za kisasa, uzito wote unakuja hapa, na bomba hili halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Itabidi nikate, niongeze chuma. Na nikishakata, kaka, ndiyo nimekata.

– Kata, alisema Polepole.

– Asikate! Wakili aliweka birika chini. – Mbili zimeshindwa kumbeba shemeji, moja itaweza? Hesabu gani hiyo?

– Siyo wingi, ni ubora, alisema Cheche. – Ya katikati inabonyea zaidi, inameza shimo taratibu.

– Basi weka springi ya kiti cha lori, alisema Mkasi. – Nilipanda lori mimi, nililala usingizi mpaka nikapitilizwa.

– Wewe unalala hata ukiwa unanyoa, alisema Cheche.

– Nisikilizeni, alisema Wakili. – Tatizo ni mafuta yaliyomo ndani ya shokapu. Ni makali. Yamwagwe, yatiwe mafuta ya kupikia. Yale ni laini, hata tumboni hayaumizi.

– Yataganda asubuhi ya baridi, alisema Cheche.

– Asubuhi ya baridi wasiende.

Mkasi alisimama, maana wazo lililomjia lilikuwa kubwa kuliko benchi.

– Jamani! Mtikisiko si uko nyuma? Basi shemeji akae mbele, Polepole akae nyuma, aendeshe kwa kupitisha mikono pembeni!

Siku nyingine wangecheka mpaka kahawa imwagike. Cheche alitazama chini, na Mkasi akakaa taratibu. Polepole hakuwachukia. Alijua wanampenda, na kwamba kila mmoja alikuwa akitoa alichonacho. Lakini alichoka. Aliona bado vidole vya mkewe vikikamata shati lake ubavuni kila walipokaribia shimo, na moyo ulimuuma.

– Kaka, alisema Cheche kwa sauti ya chini, – chuma nitakichomelea kwa uwezo wangu wote. Lakini kikikatika njiani mmepakizana, sitajisamehe. Na ukiniambia niache, pikipiki hii ndiyo ofisi yako, ndiyo inayokulisha, utaondoka nayo nzima. Sema mwenyewe.

– Asipokwenda hospitali ndiyo basi tena, alisema Polepole. – Kata.

Cheche alichomeka waya wa mashine ya kukatia, akaishika, akavaa miwani yake. Wakati huo mama mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni na komeo la lango lililovunjika mkononi, akingoja zamu yake, akasogea.

– Samahanini baba zangu, nimesikia sikukusudia. Huyo mgonjwa, akipanda, anaumia wapi?

– Mgongo, alisema Mkasi haraka.

– Nyonga, alisema Wakili papo hapo.

– Mimi nilidhani goti, alisema Cheche, akapandisha miwani kwenye paji la uso.

Wote wakageuka kumtazama Polepole.

Polepole alifungua mdomo. Alizijua safari zile zote, shimo kwa shimo, na mguno wa kila shimo. Lakini mguno ulitoka nyuma, na yeye siku zote alikuwa ametazama mbele. Wakifika alimshika mkono kumteremsha, akamwambia pole mke wangu, naye akaitikia nishapoa. Akafurahi kwamba amepoa. Alitafuta kichwani siku hata moja aliyomuuliza zaidi ya hapo, hakuiona. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

– Si lazima mnijibu mimi, alisema yule mama. – Nauliza tu.

Cheche bado alikuwa ameshika mashine ya kukatia, kidole kikiwa kwenye swichi.

– Kaka, nikate?

– Injini hii ikigonga, alisema Polepole, – hata nikiwa usingizini nitakwambia ni wapi. Mke wangu sijui.

Akainuka. Pikipiki haikuwa na tairi, kwa hiyo akashika njia ya nyumbani kwa miguu, na safari hii hakwenda polepole.