Pikipiki Isiyolia

Kijiwe cha Nyanchwa, pale barabara inapoanza kupanda kwenda kanisani, kina ubao mmoja mrefu uliotolewa kwenye kitanda cha mtu aliyehama kwa haraka. Sababu ya haraka hiyo Gesare anaijua, na ukinunua kikombe cha pili atakusimulia. Gesare ndiye mwenye jiko, birika na habari. Alhamisi hiyo ubao ulijaa mapema, kwa sababu saa nne mwili wa Ogeto ulikuwa utolewe mochari ya mjini upandishwe kwao Manga, na waendesha boda wa steji nzima wausindikize kwa desturi yao: picha ya marehemu mbele, honi juu, injini zikinguruma mpaka kuku wapotee njia ya kwao. Ochoki alikaa mwisho wa ubao, jicho kwenye pikipiki yake ya umeme, safi kama sahani ya bibi harusi. Ogeto ndiye aliyemfundisha kuendesha. Ogeto ndiye aliyesema, wakicheka, kwamba atakayetangulia kufa, picha yake ibebwe na mwenzake. Ochoki hakuomba kingine siku hiyo. Alitaka kubeba ile picha.

— Picha nabeba mimi, akasema Andrew, mwenyekiti wa steji. Wenzake walimwita Tarumbeta, na si kwa sababu ya muziki.

— Ogeto alikuwa rafiki yangu, Mwenyekiti.

— Urafiki hakuna mtu amekataa. Tunakataa kimya. Boda kumi na tisa zinanguruma, halafu ya mbele inapita kama paka ameiba nyama! Huo ni msafara ama ni kuhama nyumba? Hata wahenga walisema, debe tupu haliachi kuvuma. Kama debe linavuma, sembuse mazishi?

— Andrew, kwa methali hiyo umejitukana mwenyewe, akasema Gesare huku akimmiminia kahawa.

— Kimya kingi kina mshindo mkuu, Ochoki akajitetea.

— Basi upige huo mshindo tuusikie! akadakia Oyugi.

Ubao ukatikisika kwa kicheko. Oyugi ni fundi wa kuchomelea vyuma, ametoka upande wa ziwani, na jina lake la kijiweni ni Profesa. Shule aliiacha mapema, ila shule ndiyo iliyobaki na hasara, yeye anasema.

— Chekeni tu, akasema Ochoki. Mafuta yakipanda bei mnalia kama mmefiwa. Mimi nabadilisha betri mjini, naondoka. Oili sinunui. Moshi sina. Walimu wananipigia simu, wajawazito wananipigia simu. Nikikuta mtu kwenye kijia, nampigia honi kidogo, anapisha, tunasalimiana.

— Na umbea je? Gesare akasogeza kigoda. Hiyo ndiyo faida kubwa, watu hawaisemi. Mama akikaa nyuma akipiga simu, Ochoki anasikia kila kitu. Yule mke wa… haya, nimenyamaza. Lakini Andrew, wewe mwambie wako asiongee akibebwa na pikipiki ya stima.

Andrew akameza kahawa ya moto vibaya.

— Profesa, hebu sema ubaya wake, akasema alipopata pumzi. Mimi nitaonekana nina wivu.

Oyugi akaweka kikombe chini, kama mtu anayeshika Biblia mahakamani.

— Kwanza, betri si yako. Pikipiki ni yako, betri ni ya kampuni. Huko ni kuoa mke halafu moyo wake ukae kwa baba yake. Pili, mtu ako Nairobi, amekalia kiti cha kuzunguka, akikasirika anakuzimia betri kwa simu uko katikati ya mto. Tatu, radi. Kisii hii radi inajua watu kwa majina. Sasa wewe unaikalia chakula yake!

— Iko na mpira, haiwezi kupiga.

— Mpira! Nne, umekaa juu ya ile stima kutoka asubuhi mpaka jioni. Inapitia wapi? Bibi yako ameshika mimba tangu ununue?

— Tuna watoto wanne, Profesa. Tumepumzika.

— Umepumzika ama umepumzishwa?

Hata Ochoki akacheka. Lakini Andrew hakucheka. Alikuwa anangoja zamu yake, na alipoipata alishusha sauti, jambo ambalo mtu wa kuitwa Tarumbeta halifanyi bure.

— Hayo yote ni mchezo. Mimi nitasema moja. Kilima cha Manga kiliishinda hiyo kitu Jumanne, na ndiyo sababu leo tunazika.

Hapo kila mtu akaangalia ndani ya kikombe chake.

Habari ya Jumanne hakuna asiyeijua. Pumu ilimbana Ogeto asubuhi, kwao Manga. Mama yake akampigia Andrew simu kuomba mtu wa kumkimbiza hospitali. Andrew akaandika kwenye kundi la steji. Huyu akajibu tangi ni kavu, yule akajibu tangi ni kavu, mafuta yalikuwa yamepanda wiki hiyo na kila mtu alikuwa anayahesabu kwa tone. Ni Ochoki peke yake aliyeandika: Naenda, na Andrew akamjulisha mama mtu. Mchana akarudi peke yake, akawaambia betri ilikufa katikati ya kilima. Wakamwamini. Nani asiamini? Manga ni mlima wa kumtoa punda machozi.

Ila betri haikufa. Hilo Ochoki alikuwa nalo kifuani siku ya tatu sasa, kama mfupa wa samaki. Ile pikipiki ilipanda Manga bila kukohoa, ikafika kwenye lango la kina Ogeto na chaji ya asilimia arobaini na moja. Hapo langoni ndipo alipoisikia nduru ya mama mtu, ndefu, ile nduru ambayo kila Mkisii anaijua tangu mgongoni kwa mama yake. Akajua Ogeto ameshakwenda. Akaona aibu ya kuingia na kuulizwa ulikuwa wapi, maana alikuwa amekawia kwenye foleni ya betri. Akageuza. Ikateremka kimya kama ilivyopanda. Kusema betri ilikufa kulikuwa rahisi. Betri haina mdomo.

— Mimi naongezea, akasema Oyugi. Hizi vitu zinanusa. Betri ikisikia mbele kuna kifo, inajizima. Ni kama ng'ombe.

— Si kujizima, akasema Andrew. Ilimuua! Ingekuwa ya petroli, Ogeto angekuwa hapa anakunywa kahawa. Haba na haba hujaza kibaba: asilimia moja ikapotea, nyingine ikapotea, mpaka mtu akaisha.

— Wewe tangi lako la petroli lilikuwa wapi Jumanne? Gesare akauliza bila kumtazama.

— Lilikuwa kavu, nimesema!

— Leo yote yamejaa. Kumi na tisa. Mafuta ya kupigia kelele hayakosi.

Andrew akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Kisha akamgeukia Ochoki.

— Sema wewe. Sema hapa mbele ya watu kwamba hiyo kitu inaweza kupanda Manga. Ukisema inaweza, picha beba.

Maneno yalimfika Ochoki mpaka kwenye meno. *Inaweza. Ilipanda.* Akaitazama pikipiki yake, imesimama pale imesingiziwa na haijibu, kama mke mzuri wa mlevi.

— Haiwezi, akasema.

— Basi picha ni yangu.

Ndipo mwanamke mzee akatokea upande wa mjini, leso nyeusi kichwani, viatu mkononi, anatembea taratibu kama anayehesabu mawe. Alikuwa Nyangate, mama yake Ogeto, ametoka mochari kumvisha mwanawe. Wote wakasimama.

— Bwakire, wanangu.

— Bwakire, mama. Keti hapa.

Hakuketi. Alishika kikombe alichopewa na Gesare, kikombe cha mwisho cha birika, lakini hakukinywa.

— Nimepitia kushukuru. Ochoki wa pikipiki isiyolia ni yupi?

Vidole vikamwonyesha Ochoki.

— Asante, mwanangu. Steji nzima, ni wewe pekee uliyefika. Nimeona alama za tairi langoni kwangu, udongo ulikuwa mbichi. Sikusikia mlio wowote, nikajua ni ya stima. Alama zimefika, halafu zimegeuka. Nimekaa nikiwaza, labda ulipotea nyumba.

Andrew akamtazama Ochoki. Oyugi akamtazama Ochoki. Hata Gesare, ambaye habari hazimpiti, hii ilikuwa imempita.

— Sikupotea, mama, akasema Ochoki. Nilisikia nduru. Nikajua tumeshachelewa.

Nyangate akakitua kikombe kwenye ubao, polepole, kisimwagike.

— Ile ilikuwa ya kuita majirani, mwanangu. Wanisaidie kumbeba mpaka barabarani. Ogeto alikuwa hai. Kila akipata pumzi ananiuliza, Mama, Ochoki amefika? Namwambia bado, sijasikia pikipiki. Majirani wako mashambani, tukawa hivyo mpaka saa sita. Anauliza, namwambia bado.

Kutoka chini mjini honi ya gari la mochari ikalia mara moja. Hakuna aliyesogea kwenda kuwasha kitu.

Nyangate akaenda mpaka kwenye pikipiki, akaipapasa usukani kama mtu anayepima ndama sokoni. Mambo ya mashine hakuyajua, na aliuliza kama mtu asiyejua.

— Haina honi?

Gesare akainua birika ili mikono yake ipate kazi. Akaliinamisha juu ya kikombe cha Ochoki, akangoja, na hakikutoka kitu.