Mzee Makarius na Kitanzi cha Jumatatu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mzee Makarius Ntahena, fundi mkuu wa mitandao wa hospitali yetu hapa Kasulu, anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Faili lake halina onyo hata moja. Lina doa moja tu, nalo alilitia mwenyewe kwa kalamu yake. Nitalifikia.

Mzaliwa huyu wa Busunzu alianza kazi Kibondo mwaka 1994, akitengeneza redio za upepo za kuitia magari ya wagonjwa. Swali lake tangu siku hizo kila mtu analijua: hii inatoka wapi, inakwenda wapi? Alipohamia Kasulu, redio ya zahanati moja huko Rungwe Mpya ilinyamaza. Badala ya kuifungua, alishika waya mkononi akaufuata mpaka uani, akakuta muuguzi ameufanya kamba ya kuanikia nguo. Alivianua vitenge vitatu, akavikunja vizuri, na redio ikaitika.

Kompyuta zilipokuja hakuzinunia. Aliwachosha vijana kwa maswali mpaka akazijua kuliko wao. Na kila alipopitisha waya mmoja, alipitisha na wa pili, njia ya akiba, panya asije akatukomoa. Swichi za kushikika, vile visanduku vinavyounganisha nyaya za kompyuta, zinamudu hilo: zikiona njia mbili zinafika mahali pamoja, zinafunga moja mpaka ihitajike.

Januari mwaka huu tukahamia kwenye seva mpya. Ndani ya sanduku hilo moja mna kompyuta tisa usizoweza kuzigusa, zimeunganishwa kwa swichi zisizoonekana. Ndio mtandao pepe. Kazi ya kuhamisha alipewa Mwanahawa, mgeni kutoka Pangani aliyekuwa bado kwenye majaribio ya kazi. Mwanahawa ndiye mimi.

Machi balaa likaanza. Kila Jumatatu asubuhi, kliniki imefurika, mtandao unakufa. Maabara wana majibu, daktari hayaoni, na Yusta wa maabara anakimbia koridoni na karatasi huku akinitaja kwa jina. Nikizima seva na kuiwasha, unafufuka. Jumatatu ya tatu nikapewa barua ya kujieleza ndani ya siku saba, nikaambiwa wazi kwamba nikishindwa sitathibitishwa kazini. Nililia chooni, sioni aibu kusema.

Mzee Makarius hakuwa na pole nyingi. Alikuja na chaki na kopo la maharage ya shambani kwake, akachora mtandao wote sakafuni: kila swichi duara, kila njia mstari. Yusta, Khamisi wa famasi na mimi tukasimama kwenye maduara. Sheria ilikuwa moja: ujumbe wa kwenda kwa wote ukiingia kwako, unautoa kwa kila njia isipokuwa ulikotokea. Tukaanza na punje moja ya maharage, ndiyo ujumbe. Ilipaswa kufika kila mahali na kuishia hapo. Lo! Ilizunguka ikarudi, zikawa mbili, zikawa nyingi, Khamisi akalalamika kwamba mikono haimtoshi, na chai haijapoa kopo likawa tupu. Hicho ndicho kitanzi: ujumbe unazunguka na kuzaana mpaka unaziba njia zote.

Mzee akachuchumaa, akafuata mistari kwa kidole. Punje zilikuwa zinarudi kupitia kompyuta pepe ndogo ya kutunza nakala, inayojiwasha kila Jumatatu. Mtu alikuwa ameiunganisha na pande mbili za mtandao ili ipitishe ujumbe. Mtu huyo alikuwa yeye. Nilipokwenda Pangani mwezi Februari kumzika bibi yangu, alituwekea njia ya akiba, kwa wema ule ule wa miaka yote. Hakujua kwamba swichi pepe zetu hazina ulinzi wa kufunga njia ya pili.

Wala hakuna mwingine aliyejua kwamba ni yeye. Angeweza kuifuta njia hiyo, akafagia maharage, yakaisha. Badala yake alifungua daftari la hitilafu akaandika kosa, tarehe na jina lake kamili, nakala kwa mganga mfawidhi. Wakati huo alikuwa amependekezwa kuwa mfanyakazi bora wa Mei Mosi. Cheti kilikwenda kwa mwingine. Siku ya sherehe alipiga makofi kuliko sote, kisha akanivuta pembeni kuniuliza kama swichi pepe zinaweza kufundishwa kujilinda. Tulijaribu wiki nzima, na zinafundishika.

Mzee wetu, uongozi na watumishi wote tunakushukuru. Rudi Busunzu na afya yako, shamba likuzalie, wajukuu wakuchoshe kwa maswali kama ulivyotuchosha sisi, na maisha yako huko yawe mema.

Barua yangu ya kuthibitishwa kazini imetoka tarehe 2 Juni. Chini yake zimeorodheshwa nakala tatu: faili, ofisi ya utumishi, mganga mfawidhi. Nimeongeza ya nne kwa mkono: Mzee Makarius Ntahena, Busunzu.