Bi. Kuruthumu Khalifa, Aliyetufundisha Kuonyesha Nyumba

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Kuruthumu Khalifa anastaafu baada ya kuitumikia Makao Mlimani, kampuni yetu ya kupangisha nyumba, kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minane. Aliajiriwa Jumatatu tarehe 7 Machi 1994, na tangu hapo amechelewa kazini siku moja tu, siku aliyomzaa binti yake Nadhira. Wasifu huu ulipaswa kuandikwa na meneja wetu, Bi. Angeline. Lakini suala hilo lilipotajwa kikaoni alinitazama mimi, wenzangu wote wakanitazama pia, nikaelewa. Kati ya wafanyakazi wote wa Meru na Embu, mimi Muchangi ndiye niliyemsumbua mama huyu kuliko mwingine yeyote, na ni haki nitubu kwa maandishi.

Alipoanza kazi, Makao Mlimani ilikuwa chumba kimoja mjini Meru, nyuma ya bucha, na mtu aliyekuja kutafuta nyumba alirudi kwao akinuka mafuta ya mbuzi. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wateja kuona nyumba. Wengi katika kazi hii humwonyesha mteja rangi ya ukuta. Yeye alifungua bomba kwanza. Kisha alimwomba mteja asimame katikati ya chumba anyamaze dakika tano, asikie jirani ni mtu wa namna gani. Alipenda hasa kuonyesha nyumba siku ya mvua kwa sababu, kama anavyosema, wakati wa jua kila nyumba ina paa. Wenye nyumba walinung'unika, lakini wapangaji walikaa miaka na miaka. Madaftari yetu ya zamani yanaonyesha kwamba amezipatia makao familia zaidi ya elfu nne, kuanzia hapa mjini hadi Githongo, Muthara na Kangeta, na baadaye Embu tulipofungua tawi.

Mwaka wa 2019 kampuni iliamua kuhamia mtandaoni, na hapo ndipo nilipoletwa mimi. Nilifika na kompyuta iliyojaa vibandiko, cheti kutoka Nairobi, na cheo ambacho mama yangu amejaribu kukieleza kanisani mara kadhaa bila kufaulu: Msimamizi wa Urahisi wa Watumiaji. Siku ya kwanza nilibandika karatasi za rangi ukutani nikawaeleza wenzangu safari ya mteja kwa saa mbili. Bi. Kuruthumu alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama mteja huyo ameshapewa chai. Nilimhurumia, nikidhani hajaelewa somo. Kumbe kulikuwa na mteja wa kweli ameketi mlangoni tangu nilipoanza kuongea.

Toleo la kwanza la jukwaa letu lilipendeza mno. Nilitumia lenzi pana, na chumba cha futi kumi kwa kumi pale Githongo kikatokea pichani kama ukumbi wa harusi. Mwalimu mmoja, Bi. Karimi, alikiona akiwa Kangeta, akakipenda, akaja na lori lililobeba sofa ya watu saba. Sofa haikupita mlangoni. Hata kama ingepita, mwalimu angelala juu yake maisha yake yote, kwani kitanda hakingepata nafasi. Alinipigia simu akaniambia maneno ambayo jarida hili haliwezi kuyachapisha, na yote yalikuwa ya kweli.

Bi. Kuruthumu hakunigombeza. Alianza tu kwenda kwenye kila nyumba na mtungi wake wa plastiki wa manjano, ule wa lita ishirini, akiuweka katikati ya chumba ndipo apige picha kwa simu yake. Hakuna mtu katika kaunti hizi asiyejua ukubwa wa mtungi huo. Ukiuona chini ya dirisha, unajua papo hapo kama meza yako itatosha.

Mimi niliona uchafu. Kwa siku tatu nzima, huku nikilipwa, niliketi nikifuta mitungi mia mbili na kumi na sita kutoka kwenye picha, mmoja baada ya mwingine. Jumatatu iliyofuata simu hazikukoma. Wateja walitaka kujua nyumba zisizo na mtungi zinaficha nini. Mmoja aliuliza kwa huzuni kama Meru nzima imekatiwa maji. Karwirwa, mtaalamu wetu wa programu, aliirudisha mitungi yote kwa dakika nne, akinitazama usoni muda wote huo. Leo mtungi ndio alama yetu ya nyumba iliyokaguliwa, na mwaka jana nilisimama mbele ya wageni nikaeleza falsafa yake kana kwamba ni mimi niliyeibuni.

Nisisahau namba ya simu. Niliiondoa kwenye jukwaa nikitangaza kwamba watu wa kisasa hujaza fomu. Watu wa kisasa wakaitafuta namba ya Bi. Kuruthumu, wakaipata, wakampigia akiwa sokoni, akiwa arusini, na mara moja akiwa kwa daktari wa meno. Alijibu nusu ya mdomo ikiwa imeshikwa na ganzi, na bado akapangisha nyumba mbili kabla ya chakula cha mchana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikuwa nimeshavunjika yote mawili. Namba ikarudi.

Hayo ni ya kucheka. Linalofuata ningependa kuliruka, lakini mwenyewe amesema nisipoliandika hatakata keki.

Nyumba anayoishi Bi. Kuruthumu ni ya kampuni, na kazi ikiisha, nyumba nayo inaisha. Alitaka kuhamia Embu, apate vyumba viwili vya chini karibu na Nadhira, ambaye ni muuguzi huko na alijifungua mapacha mwezi wa Julai. Mwezi wa Agosti akatuma ombi kupitia jukwaa letu kama mteja mwingine yeyote, maana ni mtu asiyependa kupendelewa. Hakujibiwa. Akatuma la pili, na la tatu. Kufikia mwisho wa Septemba alikuwa ametuma maombi tisa kwa wenye nyumba tisa, na hakuna hata mmoja aliyempigia simu. Ofisini tulimtania kwamba kinyozi hajinyoi. Mimi nilimwambia, nikicheka, kwamba huenda anachagua bomba kupita kiasi.

Jumanne moja asubuhi alikuja mezani pangu na simu yake mkononi. "Muchangi, kaa hapa," alisema. "Mimi nitabonyeza, wewe utatazama. Usinisaidie." Yalikuwa maneno yangu mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha wenzangu kulipima jukwaa: keti kando ya mtumiaji, funga mdomo, uone anakwama wapi.

Hakukwama popote. Alijaza jina, namba ya simu, idadi ya watakaoishi naye. Alipofika penye neno Mwajiri, lenye nyota nyekundu kuonyesha kwamba lazima pajazwe, aliandika ukweli: Ninastaafu Novemba. Akabonyeza. Ukurasa wa kijani ukafunguka, vikaratasi vya rangi vikamwagika kutoka juu kama kwenye sherehe, na maandishi makubwa yakatokea: Hongera! Ombi lako limefika.

Alinigeukia. "Limefika wapi?"

Halikuwa limefika popote. Mwaka wa 2021, baada ya semina moja ya Nairobi yenye chakula kizuri, nilibuni kitu nilichokiita Alama ya Mpangaji. Mashine ilimpa kila mwombaji alama, na asiye na mwajiri alipata sufuri. Ombi la aliyepata sufuri halikupelekwa kwa mwenye nyumba. Ili mteja asivunjike moyo nikamtengenezea ukurasa wa hongera, na kwa ubunifu huo nikapewa cheti nilichokitundika juu ya meza yangu. Ilinibidi nimweleze haya yote nikiwa nimeketi chini ya cheti chenyewe.

Nilitarajia aniambie nilisukume ombi lake mbele. Karwirwa tayari alikuwa amefungua mashine ili alipitishe. Bi. Kuruthumu akauliza wengine kama yeye wako wangapi. Walikuwa elfu moja mia tatu na kumi na wawili. Wakulima wa kahawa, wauza miraa, mafundi wa nguo, wenye bucha, wajane, wastaafu. Watu ambao maisha yao yote hawajakuwa na mwajiri na hawajawahi kukosa kazi. Kila mmoja wao tulikuwa tumempongeza.

Alituomba tumsomee majina. Kwenye ukurasa wa nne alituinulia mkono tusimame. Tulikuwa tumefika kwa Tabby, fundi wa nguo wa Muthara, ambaye alikuwa amekutana na Bi. Kuruthumu arusini akamuuliza kwa nini Makao Mlimani inamdharau. "Mimi nilimwambia asubiri," alisema Bi. Kuruthumu. "Nilimwambia hawa watoto wanajua kazi." Machozi yakamtoka. Katika miaka sita sikuwa nimewahi kumwona akilia, na sikujua pa kuyaweka macho yangu.

Mwezi wote wa Oktoba ofisi nzima ilipiga simu, kwa zamu, kuanzia ombi la kwanza la 2021. Bi. Kuruthumu alipiga nyingi kuliko sisi, na aliomba msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya. Ombi lake mwenyewe lilikuwa la elfu moja mia tatu na nne. Bi. Angeline alimsihi mara mbili akubali kusogezwa, akakataa mara mbili. Novemba ikaingia. Tulimwona akifunga vyombo vyake katika makatoni asiyojua yatapelekwa wapi.

Wakati huohuo tuliifumua fomu. Nilipendekeza kwanza aina tatu mpya za kukokotoa alama, kwa sababu mtu haachi ujinga siku moja. Bi. Kuruthumu akatuambia alilokuwa akiuliza yeye kabla ya mashine yetu: nani anakujua? Hapa kwetu mwenye nyumba hutaka kusikia hilo tu. Sasa fomu inamwomba mwombaji ataje mtu mmoja anayemfahamu vizuri, na mwenye nyumba anampigia mtu huyo waongee. Karwirwa aliimaliza kazi hiyo mchana mmoja. Zaidi ya nusu ya wale tuliokuwa tumewatupa wamekwisha kupata nyumba, na Tabby ni mmoja wao.

Zamu ya Bi. Kuruthumu ilifika tarehe 13 Novemba, akajaza fomu mpya kama wengine. Kesho yake simu yangu ikalia. Alikuwa Mama Wambeti, mwenye nyumba za kupangisha Embu.

"Kuna mama ameandika jina yako hapa," alisema. "Ati wewe ndio unamjua. Unamjua aje?"

Sikuwa na habari. Mama huyu ana ndugu, ana imamu wa msikiti wake, ana familia elfu nne ambazo zingemsemea kwa furaha, na katika nafasi ile moja alikuwa ameniandika mimi. Nilisimama kando ya mashine ya kuchapa nikaanza kueleza. Nilimwambia kuhusu bomba na mvua na dakika tano za kunyamaza. Nilimwambia kuhusu mwalimu na sofa, mitungi niliyoifuta, meno, Tabby, makatoni. Sikuficha niliyoyafanya mimi, maana bila hayo asingeelewa uvumilivu wa mtu ninayemzungumzia. Mengi mliyoyasoma hapa ni yale niliyomwambia Mama Wambeti, na kwenye simu nililia kidogo, jambo ambalo Karwirwa amelitangaza hadi tawi la Embu.

Alinisikiliza, kisha akaniuliza mimi hasa hufanya kazi gani katika hiyo kampuni. Nikasema kazi yangu ni kuwarahisishia watu kupata nyumba. Alicheka hadi akakohoa.

"Basi, kijana, imetosha," alisema. "Mwambie nyumba ni yake. Na wewe ukuje siku ya kuhama, ubebe vitu."

Nitabeba. Lori linaondoka Meru Jumamosi saa mbili asubuhi, na wafanyakazi kumi na mmoja wameshajiandikisha. Makatoni yote yameandikwa Embu.

Mama Nadhira, kwa niaba ya Makao Mlimani, asante kwa kila mlango uliotufungulia, na kwa kutuvumilia tulipoufunga. Wajukuu wakue mikononi mwako, maji ya Embu yasikukatikie, na siku zako zote za mbele ziwe njema. Mimi binafsi bado sielewi kwa nini ulipotakiwa kumtaja mtu mmoja anayekujua ulinitaja mimi. Sitakuuliza, usije ukabadili mawazo. Nashukuru tu kwamba nilipoulizwa, nilikuwa nakujua.