Kofia Kwenye Viti vya Basi la Mbulu

Kijiwe chetu hapa Dongobesh kina benchi moja, birika moja la kahawa la Baltazar na wataalamu wa kila kitu isipokuwa kazi. Saa kumi na mbili asubuhi, baridi bado inauma masikio, tumeshakaa tunatazama stendi ng'ambo ya barabara. Siku hizi tuna cha kutazama. Kampuni moja imetuletea kibasi cheupe cha viti kumi na vinne, kinaitwa Wahi, cha kupeleka watumishi ofisini Mbulu mjini. Hakuna mpiga debe wa kukuvuta mkono. Unashika kiti kwenye simu tangu jana yake, nauli unalipa ukishapanda, na saa kumi na mbili na nusu kinaondoka, hata kama mkwe wako yuko hatua mbili nyuma. Maendeleo hayo.

Mabwana wa kampuni walipokuja kuzindua walituachia neno: viti visiposhikwa kwa wiki mbili, basi wanalipeleka kwingine. Neno hilo lilituuma kwa sababu ya Tekla. Ni binti wa hapahapa, karani wa masijala huko Mbulu, bado yuko kwenye miezi ya majaribio. Bosi wake alishamwambia akichelewa mara ya tatu asirudi. Magari ya abiria ya hapa, Noah, huondoka yakijaa, na kujaa maana yake kuku wa mwisho amepata pa kukaa. Wiki ya kwanza Tekla alipanda Wahi, akawahi. Wiki hii, Jumatatu na Jumanne, simu ilimwambia limejaa. Akaenda na Noah, akachelewa zote mbili. Leo Jumatano.

Ajabu ni kwamba simu inasema limejaa, halafu sisi tunaliona linaondoka na dereva Lameck na redio yake. Kesi kama hiyo haiwezi kupita kijiweni bila hukumu. Akaanza Profesa, yaani Mwalimu Onesphory, mstaafu, aliyemfundisha Tekla kusoma.

— Hao ni watumishi hewa. Walifutwa kwenye mishahara, hawajafutwa kwenye usafiri. Ndiyo maana wahenga wakasema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hakuna aliyeuliza mgeni hapo ni nani. Profesa haulizwi.

Qamara, tunayemwita Mnada kwa kuwa kila mwezi anashuka mnadani Dirma kuuza ng'ombe na harudi mpaka amalize kubishana, alikataa. Amelitazama lile basi likipanda mlima, linapanda kwa shida. Tupu halipandi hivyo.

— Lina watu, alisema. Ni macho yenu tu hayana mtandao.

Baltazar alipuliza mkaa, akatoa ya kwake. Kule mjini, alisema, watu wameendelea sana, mwili unabaki kitandani na jina ndilo linakwenda kazini. Hivyo viti ni vya majina. Tukatikisa vichwa. Ukinywa kahawa ya bure ya mtu, na hoja yake unainywa.

Mimi nilikunywa kahawa yangu, maana nilikuwa na siri yangu njema. Kwetu kanisani ukitaka kumwekea mtu nafasi unaweka kofia kwenye benchi. Mwenyewe asipotokea, anayefika anaisogeza, anakaa, hakuna kesi. Basi kila jioni nilikuwa nashika viti vitatu kwenye simu, basi lionekane lina watu, lisimhame Tekla. Atakayehitaji atasogeza kofia. Sikumwambia mtu, tumefundishwa mkono wa kushoto usijue ufanyacho wa kulia.

Dakika kumi kabla ya muda Tekla akafika stendi. Tulimwona akimsihi Lameck, na Lameck akimwonyesha kamera iliyo juu ya kichwa chake: asiye na jina kwenye simu hapandi, akipanda dereva hana kazi. Akavuka kuja kwetu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, tulijibu wote.

— Mwalimu, limejaa tena. Nilijaribu tangu jana saa kumi na moja jioni. Leo nikichelewa, ndiyo basi.

Profesa alichemka. Alisema watu wanaoshika viti wasivyovihitaji ni wabinafsi, hawana hofu ya Mungu, na enzi zake angewachapa. Qamara akasema kule Dirma mtu wa namna hiyo haozeshwi binti. Baltazar akamwaga mashapo ya kahawa kwa hasira. Nami nikaunga mkono, tena kwa sauti kuliko wote.

Saa kumi na mbili na nusu Wahi likaondoka, tupu.

Hapo simu ya Profesa ikalia. Macho yake hayasomi tena, kwa hiyo ameiweka imsomee kwa sauti. Ikasema: "Ndugu Onesphory, safari yako ya Mbulu imeanza. Viti vinne. Wahi inakutakia safari njema." Ya Qamara ikalia ndani ya shuka. Ya Baltazar ikalia karibu na jiko. Yangu niliibana na paja, ikaendelea kulia.

Tekla alitutazama mmoja mmoja. Hakukasirika. Laiti angekasirika.

— Mwalimu, kwani unakwenda wapi?

Profesa aliilaza simu kifudifudi kwenye benchi. Nami nilikuwa na la kukiri, lakini mkubwa akiulizwa sisi wengine hatujibu. Ng'ambo mpiga debe wa Noah alikuwa akiita, "Mmoja, Mbulu mmoja!" Angevuka wakati ule, angewahi. Ila Tekla amelelewa vizuri, tena na Mwalimu mwenyewe, na kwetu mtoto hamgeuzii mkubwa mgongo kabla hajajibiwa. Akasimama pale, mikono mbele, akisubiri jibu.

Akapatikana mtu mwingine, Noah ikaondoka.