Rangi ya Harusi

Kwenye Noah ya abiria iliyotoka Handeni asubuhi ile, mzee Hiza alikaa kiti cha nyuma akijifanya amesinzia. Ana duka la betri Korogwe, na mbele yake kijana wa Sindeni alikuwa amepakata betri ya pikipiki kama mtoto mchanga.

"Hii imekufa," kijana alimwambia mama aliyekaa naye. "Ukiwasha taa, honi inanyamaza. Na keshokutwa pikipiki inambeba bibi harusi, dada yangu mwenyewe. Naenda kununua mpya."

"Imeanza lini, mwanangu?"

"Tangu tulipoipaka rangi. Bluu tupu, hadi chesisi. Ukiiona utadhani imetoka dukani jana."

Mama akacheka. "Basi betri ni nzima. Ule waya wake unaofungwa kwenye chesisi mmeufunga juu ya rangi. Umeme utapita wapi? Chukua msasa, kwangua pale mpaka chuma king'ae. Pikipiki yangu ilinifanyia hivyohivyo kule Magoma."

"Mama, pikipiki ya marehemu baba naijua kuliko mtu yeyote."

"Haya, nunua. Bibi harusi atatembea kwa miguu na betri yake mpya."

Hiza alijua vizuri nani anasema kweli. Akazidi kufumba macho.

Gari likasimama stendi ya Korogwe. Kijana akageuka, akamgusa bega kwa adabu. "Shikamoo, mzee. Samahani, duka la betri liko wapi hapa?"

"Marahaba," akasema Hiza, mkono ukiwa mfukoni, umeshika funguo za duka.