Chembe Niliyoisaga

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Ndugu Mkuu wa Idara ya Jiolojia, walimu, wanafunzi, ndugu wageni waalikwa, na wewe mama watoto uliyenipigia pasi suti hii: habari za mchana.

Mmenisifu mpaka nimeona haya. Kwa miaka thelathini na moja mmeniita Fundi Msasa, kwa kuwa kazi yangu ni kukata mawe na kuyasaga hadi yawe membamba kuliko unywele, mwanga upenye, nanyi mtazame kwa hadubini. Mmesema sijawahi kuharibu jiwe. Si kweli, na siwezi kustaafu na uongo huo.

Miaka kumi na tisa iliyopita, binti mmoja mwanafunzi aliniletea jiwe kutoka kileleni mwa mlima. Alinieleza taratibu, maana shule yangu mimi ni ya ufundi: mabamba mawili ya dunia yakigongana, moja huzama chini ya jingine na kuvuta miamba pamoja nalo, huko chini joto na mgandamizo huibadili, na lililokuwa tope la baharini huwa jiwe gumu lenye punje nyekundu, halafu, polepole mno, miamba hiyo hupandishwa tena hadi kuwa milima. Jiwe lake, akadai, lilishuka kilomita tisini. Ushahidi? Chembe moja ndani ya punje nyekundu, ya madini yasiyoumbika ila kwenye kina kama hicho, aliyoiona nikiwa bado nasaga. "Fundi, ishia hapo hapo," akaniambia. Nikajifanya mjuaji, nikapitisha msasa mara moja tena. Chembe ikaisha.

Watahini walipotazama hawakuona kitu. Wakamwita mwongo, nami nimesimama pale. Nilikuwa na neno la kumwokoa, nikalimeza, nikiogopa kibarua changu kisije kikaota nyasi. Aliondoka bila shahada. Je, huo ndio uaminifu mnaonisifia?

Jiwe lililobaki nililificha drooni. Wiki iliyopita nililikata vipande vinne. Vitatu havikuwa na kitu. Cha nne kinayo chembe, na sasa hivi kiko chini ya hadubini, chumba cha pili.

Mkuu wa Idara, ulikuwa mmoja wa watahini wale. Nakuomba, kabla hatujala, uende ukatazame. Na binti yule ameketi pale nyuma, nilimsihi aje. Mwanangu, ulisema kweli. Aliyekosa ni mimi, na naumia. Saa hii ya ukutani mliyonizawadia siichukui mpaka apewe haki yake.

Asanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa msikilizeni yeye.