Mama Jepkosgei na Gari Jekundu Lililorudi

Mama Jepkosgei anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka thelathini na moja katika gereji yetu ya hapa mtaa wa Pioneer. Nimepewa kazi ya kuandika haya kwa sababu mimi ndiye niliyetembea: nimefungua injini Mombasa, Kampala na Juba, na shule niliiacha darasa la saba kabla haijaniharibu. Kote huko sijaona fundi kama huyu. Na mimi huwa sisifu watu ovyo, kwa sababu nikimaliza kujisifu mwenyewe huwa nimechoka.

Aliingia mwaka 1994, akiosha spea kwa petroli. Mafundi wa wakati huo walimwambia aende akapike chai. Akapika, akawapa, akarudi chini ya lori. Baada ya miaka sita wao ndio walikuwa wakimwuliza mbona gia inalia.

Kila mtu hapa anajua katoni yake. Gari likishatengenezwa, Mama hulaza katoni safi chini ya injini, huiacha injini ingurume saa nzima, kisha huvuta katoni na kuisoma kama gazeti. Tone moja tu la oili, gari haliondoki. Ndiyo maana katika kitabu cha gereji, sehemu ya "Limerudi" ilikaa tupu upande wake miaka yote hiyo.

Mpaka Jumatatu ya wiki hii.

Ni lile gari la michezo la Mzee Abdirizak, mwenye malori. La mwaka 1979, jekundu, milango miwili, limelala chini kama mjusi. Lilikuwa la marehemu babake, na kesho binti yake Nasteha anapelekwa ukumbini ndani yake, siku ya harusi. Mwezi jana Mama alilibadilishia gasketi ya kava ya juu, katoni ikatoka kavu. Sasa lilikuwa limerudi likivuja oili mahali patatu: kava ya juu, sili ya mbele na sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

"Mama, nguo ya msichana ni nyeupe," Abdirizak alisema.

Mama alisema tungoje kwanza tufikirie. Mimi nikasema ugonjwa huu nimeutibu nchi tatu. Jumanne nikabadilisha sili na gasketi zote, na Jumatano tukalipandisha mlimani Kaptagat kulijaribu, mimi kwa usukani, yeye kando.

Moshi mwembamba ulianza kutoka kwenye boneti. "Simama, Tyson," Mama aliniambia.

"Ni vumbi tu, Mama."

"Vumbi gani inanuka oili? Simama!"

Nilipofungua boneti, oili ilikuwa ikidondokea ekzosi, na moto mdogo kama wa mshumaa ulikuwa umeanza kulamba nyaya. Mimi mtu wa Juba nilirudi nyuma hatua nne. Mama alivua ovaroli yake, akaufunika, akaukandamiza kwa viganja mpaka ukafa. Alibaki na sweta na sketi, anapumua kwa nguvu.

"Injini haiwezi kuvuja pahali tatu siku moja," alisema. "Iko kitu ndani inasukuma."

Jana asubuhi aliwasha injini na kulegeza kifuniko cha oili. Kikaruka, pumzi ya moto ikamgonga usoni. Akaufuata mpira ule ambao injini hupumulia, akaufungua, akaingiza koleo. Nilianza kutoka jasho kabla hajavuta. Kilitoka kitambaa cheusi kwa oili, lakini namba tisa ilisomeka. Ni kipande cha jezi yangu, ile ninayowaambia kila siku kwamba nilifunga nayo mabao manne.

Mwezi jana, baada ya katoni, niliosha injini ing'ae. Nikaziba mpira ule maji yasiingie. Nikasahau. Basi injini haikuwa na pa kupumulia, ikawa inatema oili kila palipo na udhaifu.

"Ni yako?"

"Ni yangu, Mama."

Gideon, mkubwa wetu, alimvuta kando. "Mama, umebakisha siku moja. Hii tusiandike."

Mama alimgeukia Abdirizak, ambaye alikuwa amesimama mlangoni tangu saa mbili. "Mzee, tulisahau kitambaa ndani. Gari haina makosa. Ni sisi." Kisha akafungua kitabu na kuandika mwenyewe, polepole, upande wake: "Limerudi. Kosa letu."

Nilimsihi aandike jina langu.

"Ulikuwa chini yangu," alisema. "Utaandika yako kwa kitabu yako. Lete katoni."

Saa nzima ya jana mchana hakuna aliyefanya kazi. Hata Abdirizak alichuchumaa nasi. Mama alipoivuta katoni, ilikuwa kavu. Mzee alisimama, akafuta macho, akasema ni moshi wa gereji.

Katoni hiyo ndiyo kadi yako, Mama, tumeitia sahihi sote. Doa moja utakaloliona ni la kidole changu, usilitafutie gasketi. Asante kwa kutufundisha kazi, na kwa ile "ni sisi" ambayo sijawahi kuisikia Kampala wala Juba. Gideon amenipa kitabu kipya, nami ukurasa wa kwanza nimeandika juu ya gari jekundu, kwa jina langu.

Nenda nyumbani Cheptiret ukapumzike na ng'ombe wako. Maisha yako huko yawe mema, Mama, na yasivuje hata tone.